Gari Lililowaka kwa Kila Ufunguo

Gari la Getruda liliwaka kwa ufunguo wowote. Hilo lilijulikana Nyakato nzima, kuanzia nyumba za wafanyakazi wa kiwandani hadi kwa wauza mkaa, na hakuna aliyeliona kuwa jambo la ajabu. Ufunguo wa kufuli la choo uliliwasha. Ufunguo wa baiskeli uliliwasha. Mpini wa kijiko cha chai, ukiujulia, uliliwasha vizuri kuliko vyote. Ufunguo wake halisi mumewe Elias aliudondosha ziwani siku kanisa lilipokwenda kubatiza watu Igombe, na badala ya kumtafuta fundi akajaribu ufunguo wa kabati la nguo. Swichi ilikuwa imeshalika kwa uzee, gari likaunguruma, na Elias akacheka kwa furaha utadhani ameokota dhahabu. Tangu hapo swichi ile ikachokonolewa na kila chuma kilichopita mtaani, na kadiri ilivyochokonolewa ndivyo ilivyozidi kuwa rahisi.

Basi gari likawa la watu. "Noah yetu," walisema, bila hata kupepesa macho. Kuna harusi, Noah yetu ipo. Mgonjwa wa kupeleka hospitali, viti vya kukodi, magunia ya mahindi kutoka Misungwi, kwaya inakwenda mkutanoni: Noah yetu ipo. Dereva alikuwa Masele, jirani aliyewahi kuendesha malori ya pamba mpaka tajiri wake akachoka naye. Masele akihitaji gari hakubisha hodi. Alikuja na ufunguo wa nyumba yake, akawasha, akaondoka, na mwenye gari akasikia mlio tu huku povu la dawa ya meno limemjaa mdomoni.

Mwenye gari ni Getruda. Hili inabidi lisemwe mara mbili kwa sababu mtaa ulikuwa umelisahau: mwenye gari ni Getruda, si mumewe. Alilinunua kwa samaki. Alibeba ndoo za sato kwenye mabasi miaka na miaka, akitukanwa na makondakta kwa sababu ya maji yanayovuja, mpaka akapata Noah kuukuu, akang'oa viti vya nyuma, akapanga maboksi ya barafu. Kujifunza udereva alijifunza mwenyewe. Elias hata gia ya kurudi nyuma haijui.

Lakini sifa zilikwenda kwa Elias. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha mtaa, mtu mpole, mcheshi, na mkarimu, hakuna anayebisha. Ila ukarimu wake ulikuwa na tabia moja: ulianzia kwenye vitu vya mkewe. "Baba Queen hana hiyana," watu walisema, na kila akiyasikia maneno hayo kifua kilimpanda. Mkewe hakuwahi kuambiwa ahsante. Aliambiwa, "Mama Queen, jamani, ungelipulizia hata marashi kidogo. Bibi harusi mzima ananuka sato."

Getruda alimeza. Alimeza sana, kuliko afya inavyoruhusu.

Siku iliyomshinda kumeza ilikuwa Jumamosi. Sato alikuwa amewanunua soko la samaki la Mwaloni tangu alfajiri, wamo uani ndani ya maboksi, barafu inaanza kulegea. Akaingia kuoga mara moja. Alipotoka, uani palikuwa na alama za matairi tu. Masele alikuwa amepeleka spika na viti kwenye sherehe ya kumuaga binti wa mtu huko Buhongwa, na simu yake ilikuwa haipatikani. Elias akasema, "Atarudi sasa hivi." Hiyo sasa hivi ilifika mchana, jua la utosi, mashavu ya samaki yameshageuka kijivu.

Mnunuzi wake mkubwa alikuwa Justa, mwenye hoteli pale njia panda ya Usagara, mahali mabasi yanaposimama abiria wakala. Justa alipopigiwa simu hakupandisha sauti. "Mama Queen, wateja wangu hawali maelezo," alisema. "Nimeshachukua kwa mtu mwingine, na huyo mwingine anawahi." Akakata.

Getruda alichimba shimo nyuma ya nyumba akawafukia samaki wake mwenyewe, kwa jembe lake. Masele akapita akiwa na jasho la kazi njema, akasema, "Gari limesaidia sana leo, Mungu akubariki." Hapo ndipo hasira ilipomwingia Getruda, hasira ya kweli, ile inayotuliza mikono badala ya kuitetemesha.

Kesho kutwa yake, Jumatatu, akaendesha mpaka Mkuyuni, kwa Collins Ojuok, Mjaluo wa Shirati anayetengeneza swichi na vitasa vya magari chini ya turubai la bluu kando ya soko.

"Fundi, ng'oa hii swichi, weka nyingine. Nataka kila funguo ya Nyakato ishindwe."

Collins akachukua ufunguo wa kufuli la sanduku lake la vifaa, akautia, akazungusha. Gari likawaka. Akapiga mluzi. "Hii si swichi, mama. Hii ni tundu tu."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Baba Queen anajua?"

"Unamng'oa Baba Queen au unang'oa swichi?"

Collins akajikuna kidevu. "Usinielewe vibaya, mama. Kazi za funguo zina kesi. Leo namtengenezea mke, kesho mume anakuja na polisi. Ngoja nimpigie tu, nimjulishe." Akaanza kuipapasa simu mfukoni.

"Piga," Getruda akasema. "Ukimaliza kupiga utakuta nimeondoka, na Mkuyuni hii mafundi mko wengi. Kadi ya gari hii hapa, ina jina langu. Leseni hii hapa. Lakini nijibu kwanza: mwanaume gani amewahi kukuletea gari ukataka kumpigia mkewe kwanza?"

Collins akafikiri. Alikuwa mkweli, hilo apewe. "Hakuna," alisema.

"Basi fungua sanduku lako."

Akafungua. Alichomoa waya wa betri, akafungua skrubu za plastiki inayofunika shingo ya usukani, akaikuta swichi imeshikwa na bolti mbili ambazo kiwandani huvunjwa vichwa makusudi ili mwizi asizifungue. Ikabidi zitobolewe kwa drili. Getruda alikaa kiti cha abiria akitazama kila kitu, maana hakutaka kusimuliwa. Ile swichi ilipotoka, Collins akaifungua akamwagia vilivyomo kiganjani: vijisahani vyembamba vya shaba. Kila kimoja kilitakiwa kuwa na kina chake, ili ufunguo wake tu ndio uvipange sawa. Hivi vilikuwa vimesuguliwa na vijiko na makufuli ya watu mpaka vyote vikalingana.

"Havimkatai mtu," Collins akasema.

Alikuwa na swichi ya Noah nyingine iliyopata ajali, yenye ufunguo wake. Getruda akauliza nani mwingine ana ufunguo kama huo. Collins akakiri hajui. "Basi ivunje yote uipange upya," Getruda akasema. Fundi akaguna, akaketi juu ya ndoo, akaanza. Alitoa vijisahani vya zamani, akakata ufunguo mpya kabisa, akawa anaingiza kimoja kimoja na kijispringi chake, akipima, akitoa, akirudisha kingine. Kijispringi kimoja kiliruka, wakapiga magoti wote wawili mavumbini kukitafuta. Milango nayo akaipanga ifuate ufunguo uleule. Ilipomalizika, ufunguo mpya ukazunguka laini, na ulipochomolewa usukani ukajifunga tak, jambo ambalo gari lile lilikuwa limelisahau.

"Sasa jaribu zako," Getruda akaamuru.

Collins akajaribu wa kufuli. Ukagoma. Akajaribu bisibisi.

"Na kijiko."

"Mama, kijiko nitakitoa wapi?"

Getruda akakiazima mwenyewe kwa mama muuza chai. Kijiko kikagoma. Getruda akacheka peke yake, kwa sauti, watu wa sokoni wakageuka.

"Nikukatie na wa pili?" Collins akauliza. "Wa mzee?"

"Mmoja."

"Na ukipotea?"

"Ukipotea nitakuja mimi. Si mzee."

Getruda akautia ufunguo kwenye uzi, akauvaa shingoni chini ya blauzi, akarudi Nyakato. Hakutangaza kitu. Kisha akampigia Justa, akaomba nafasi moja. Justa alivuta pumzi ndefu. "Alhamisi asubuhi, kabla mabasi ya kwanza hayajafika," akasema. "Ukichelewa usinipigie tena, hata salamu." Kwa Getruda hiyo Alhamisi ndiyo ilikuwa biashara yote, maana bila Justa, Usagara kulikuwa hakuna kitu.

Jumatatu ileile jioni, Mzee Alexander akafariki. Alikuwa jirani mwema, mzee wa mtaa, na kwao kulikuwa ndani huko Misungwi, mbele ya Usagara. Mtaa ukakusanyika kwa mjane wake, Bibi Dorcas. Maturubai yakafungwa, moto ukakokwa. Jumatano kikao cha mazishi kikakaa, Elias akasimama na kofia yake mkononi, sauti imejaa: "Tunazika kesho Alhamisi, saa nane mchana. Jeneza litabebwa na Noah yetu. Saa moja asubuhi tuondoke."

Getruda alikuwa hatua chache tu, upande wa wanawake, anasonga ugali. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Hata mmoja. Akasubiri Elias aje amwambie wakiwa nyumbani. Elias alikuja, akala, akasema kuna baridi, akalala. Getruda angeweza kusema. Alinyamaza kwa makusudi, na asitokee mtu hapa wa kumwombea radhi.

Asubuhi jeneza lilikuwa limeshawekwa kwenye viti nje kwa Bibi Dorcas, na watu wamejaa mpaka barabarani. Noah ilikuwa uani kwa Getruda, milango wazi, maboksi ya sato yanapangwa nyuma. Yeye alikuwa ameingia ndani kuchukua boksi la mwisho. Masele akaja na suti yake ya misibani, akajitupa kwenye kiti cha dereva, akatia ufunguo wa nyumba yake. Ukaingia nusu ukakwama. Akautoa, akaupuliza, akaurudisha. Usukani nao ulikuwa umekaza kama umepigwa msumari. Akaomba funguo za watu. Zikaja za makufuli, za baiskeli, za makabati, watu wanazipitisha dirishani kama sadaka. Kikaja kijiko. Kijiko kikapinda.

"Swichi imekufa," Masele akatangaza.

Elias akampigia simu Collins, fundi anayemjua, akaweka sauti ya nje ili kikao kizima kisikie kwamba mwenyekiti anashughulika. "Collins, njoo haraka Nyakato, swichi ya gari imekufa na tuna msiba."

"Haijafa, mzee," sauti ya Collins ikasikika uani kote. "Nzima kabisa. Nimeiweka mpya Jumatatu. Funguo anayo mama."

Getruda akatoka mlangoni na boksi lake la samaki kiunoni, akawapita wote, akalipakia, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Lete ufunguo," Elias akasema.

"Wa nini?"

"Mama Queen, usinifanyie hivi mbele ya watu. Tuna marehemu."

"Mimi nina marehemu pia? Sikuambiwa. Niliwasikia mkiambiana ninyi kwa ninyi huku nasonga ugali wenu. Ninapeleka samaki Usagara. Wiki iliyopita nilizika samaki wangu peke yangu, hakuna aliyekuja kunipa pole. Leo siziki tena hapa uani."

Minong'ono ikapanda. Samaki na maiti! Anafananisha samaki na maiti! Masele akashuka garini, uso umemvimba. Alimnyooshea kidole, akamwambia neno ambalo mtaani huwa halijibiwi: "Na wewe utafiwa, Mama Queen. Utafiwa, na tutaona nani atakuja."

Getruda aliogopa, kwa nini asiogope, nani anataka kuzika peke yake? Lakini hakurudi nyuma.

"Nitafiwa, Masele," akasema. "Nikifiwa nitakuja mpaka mlangoni kwako, nitabisha hodi, nikuamkie, nikuombe. Ukikataa nitaondoka kwa heshima zangu. Wewe mlango wangu unaujua? Umewahi kuubisha?"

Masele akakikunja kile kidole.

"Saa nane ndiyo mazishi," Getruda akaendelea, sasa anawaambia wote, sauti imepanda na yeye hakuishusha. "Misungwi si Ulaya. Mtu mmoja angeniuliza jana, mmoja tu, hata mtoto, ningemjibu: saa moja napeleka samaki, narudi, naosha gari, nampeleka mzee wetu na muda unabaki. Nilimpenda Mzee Alexander. Lakini hamkuuliza. Mlitangaza."

Watu wakagawanyika kutoa njia. Bibi Dorcas alikuwa anakuja kutoka kwake, khanga ya msiba imefungwa kifuani, wanawake wawili wamemshika mikono. Elias akaharakisha kumpokea. "Samahani, mama, hili jambo tunalimaliza."

"Nimelisikia, mnapiga kelele kama mnadani," Bibi Dorcas akasema. Akamtazama Getruda.

"Shikamoo, mama," Getruda akasema. Kwa huyu hakuwa na ubishi. Mjane asingepaswa kumwomba mtu kitu siku kama hii, na kama angefungua mdomo kuomba, Getruda alijua angeushusha mzigo palepale, Justa na biashara yake waende wanakokwenda.

Lakini Bibi Dorcas hakuomba.

"Marahaba, mwanangu. Hao samaki wanasubiri nini?"

"Mama?"

"Wataoza. Alexander hana haraka tena. Aliishi na haraka zake zote, sasa zimekwisha. Nenda, urudi." Akawageukia wengine. "Na ninyi toeni miguu yenu, mtakanyagwa."

Getruda akavuta uzi shingoni, akatia ufunguo, usukani ukalegea, gari likawaka mara moja. Alilia njia nzima mpaka Buhongwa, machozi ya hasira na ya kitu kingine, kisha akajipangusa kwa sababu barabara ilikuwa na malori.

Usagara, basi la kwanza lilikuwa bado. Justa akafungua boksi, akainua shavu la samaki mmoja kwa kidole gumba, akakuta jekundu. Akainua la wa pili, na la wa tatu kutoka chini kabisa, maana alikuwa mwanamke wa namna hiyo. "Haya," akasema. "Jumamosi tena." Hakutabasamu, na Getruda hakuhitaji tabasamu lake.

Pale pale njia panda aliosha gari kwa sabuni ya unga, ndani na nje, akasugua sakafu kwa ufagio mpaka maji yakatoka meupe. Alipoingia Nyakato, jua lilikuwa halijapanda sana. Akarudisha gari kinyumenyume mpaka mlangoni kwa Bibi Dorcas, akazima, akachomoa ufunguo, akabaki amekaa kwenye usukani.

Hakuna aliyesogea. Wazee walitazama chini. Kisha Elias akaja mpaka dirishani, akainama.

"Twende basi, Mama Queen," akasema chini chini. "Watu wamechoka kusubiri."

Getruda akatazama mbele.

Elias akasogeza uso karibu. "Nakuomba," akanong'ona.

"Jana ulitangaza kwa sauti, mwenyekiti."

Alimwona mumewe akigeuka kuwatazama watu, wale waliomwita hana hiyana, kisha akimrudia yeye. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona kitu ndani ya nyumba yake ambacho kilikuwapo siku zote. Akavua kofia. Aliposema, sauti ilifika mpaka kwenye maturubai ya mwisho, ingawa ilitetemeka njiani.

"Mama Queen, mke wangu. Tunaomba gari lako litupelekee mzee wetu nyumbani."

"Nimekubali," Getruda akajibu, kwa sauti ya juu kama ya mumewe. "Pakieni."

Jeneza likaletwa, Masele akiwa mmoja wa wabebaji, shingo imeinama. Bibi Dorcas akasaidiwa kupanda kiti cha mbele. Mzee mmoja mwenye fimbo, ambaye asubuhi nzima alikuwa hajasema neno, akauliza kwa mshangao wa kweli kabisa, "Kwani toka lini mwanamke akaendesha jeneza?"

"Toka leo," Bibi Dorcas akasema. "Nifungieni mlango."

Elias alikuwa bado amesimama na kofia yake. Kiti cha mbele kimejaa, na Noah ile haina kingine.

"Na mimi nikae wapi?" akauliza.

"Nyuma," Getruda akasema, "na mzee."

Elias akapanda nyuma, akakaa sakafuni kando ya jeneza, kofia magotini. Getruda akawasha gari, wakaondoka.